Nyanya za Uani Zinapodhoofika: Kusoma Dalili Kabla ya Kutia Dawa

Mwongozo huu unamhusu mtu anayepanda nyanya chache nyuma ya nyumba, katika jerikani za lita 20 zilizokatwa mdomo, kwenye magunia, au katika kipande cha ardhi kisichozidi ukubwa wa chumba, na ambaye angependa kuzilisha na kuzitibu kwa vitu vinavyopatikana jikoni, bandani na vichakani badala ya kukimbilia dukani kila jani linapobadilika rangi. Nimezipanda hivyo hapa Bombo, Uganda, kwa misimu kadhaa, na kosa ninaloliona mara nyingi kuliko mengine, langu mwenyewe likiwemo, ni la kuanza na dawa. Mtu huona umanjano, akakumbuka kwamba jirani aliwahi kutumia majivu, akatia majivu. Wiki inayofuata umanjano ukizidi, huongeza mkojo wa sungura, kisha maganda ya matoke, hadi mche unakuwa na maradhi matatu badala ya moja, na mawili kati ya hayo ameyaleta yeye.

Kwanza udongo, kisha mahali dalili ilipoanzia

Chomeka kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili kabla ya kufanya lolote. Mche ulionyong'onyea huku udongo ukiwa mkavu una kiu, na tiba ya kiu inajulikana. Mche ulionyong'onyea huku udongo umelowa na kunata kidoleni unazama: mizizi iliyofunikwa na maji hukosa hewa, hushindwa kunyonya hata yale maji yanayoizunguka, na majani hulegea kana kwamba kuna ukame. Anayeumwagilia mche wa namna hiyo kwa huruma huumaliza. Inamisha jerikani utazame matundu ya chini. Yawe angalau matano, yenye unene wa kidole kidogo, na yasiwe yamezibwa na udongo. Udongo wetu mwekundu ukijazwa peke yake hushikamana kama tofali baada ya mvua mbili tatu, kwa hiyo mimi huchanganya sehemu mbili za udongo huo, moja ya mboji iliyoiva na moja ya mchanga mnene.

Udongo ukiwa sawa, jiulize dalili ilianzia wapi. Swali hili lina uzito kuliko rangi yenyewe. Mche wa nyanya unapopungukiwa na naitrojeni, fosforasi, potasiamu au magnesiamu, huvihamisha virutubisho hivyo kutoka majani makongwe na kuvipeleka kwenye machipukizi, hivyo njaa hiyo huonekana kwanza chini. Kalisiamu na chuma havihami kwa urahisi vikishajengwa ndani ya jani, na kwa sababu hiyo upungufu wake hujitokeza juu, kwenye majani machanga, au katika tunda. Ukilishika hilo, nusu ya kazi imekwisha kabla hujachota maji. Mwisho, geuza jani uangalie upande wa chini, asubuhi, wakati wadudu bado wamezubaa kwa baridi.

Majani ya chini yanageuka manjano

Jani moja au mawili ya chini kabisa yakiwa manjano mche ukiwa umeshabeba matunda, huo ni uzee. Yakate uyatupe kwenye mboji, mambo yaendelee.

Umanjano uliosambaa jani zima, mishipa ikiwemo, ukipanda taratibu kutoka chini huku mche mzima ukiwa mwembamba na umepauka, kwa kawaida ni njaa ya naitrojeni. Katika jerikani njaa hii huja upesi, kwa kuwa kila unapomwagilia, sehemu ya naitrojeni hutoka na maji kupitia matundu ya chini. Kuna chanzo kingine ambacho huku kwetu hakikosekani, nacho ni maganda ya kahawa. Viwanda vya kukoboa vilivyo kando ya barabara ya Kampala kwenda Gulu huyatoa kwa marundo, na watu huyachanganya na udongo yakiwa mabichi. Vijidudu vinavyoyaozesha huhitaji naitrojeni, na huichukua kwenye udongo uleule unaotegemewa na mche. Maganda hayo yakitandazwa juu ni matandazo bora kabisa. Yakifukiwa kabla ya kuoza ni mwizi. Pumba za mbao zina tabia hiyohiyo.

Kwa njaa ya naitrojeni, chakula ninachokiamini zaidi ni alizeti pori, ule mmea wenye maua ya manjano unaoota kando ya barabara na kwenye mipaka ya mashamba. Majani yake yakikaushwa huwa na takriban asilimia 3.5 ya naitrojeni, asilimia 4 ya potasiamu, na fosforasi kidogo, kiasi kinachoshinda samadi nyingi za ng'ombe. Katakata majani na ncha laini, jaza nusu ya ndoo, ongeza maji hadi karibu na ukingo, funika, ukoroge kila siku. Katika siku za mwanzo hunuka kama majani yaliyolala. Kufikia wiki ya pili povu hupungua na maji huwa meusi, yenye harufu ambayo haitakufanya upendwe na wapangaji wenzako. Chuja, kisha uchanganye kipimo kimoja na vipimo vinne vya maji safi, hadi rangi iwe kama ya chai ya rangi iliyo nyepesi. Nusu lita hadi lita moja kwa mche, kwenye shina na si kwenye majani, mara moja kwa wiki, inatosha.

Mkojo, wa sungura au wa binadamu, ni mbolea ya naitrojeni yenye nguvu, na nguvu hiyo ndiyo hatari yake. Kipimo kimoja kwa vipimo kumi vya maji, kila baada ya wiki mbili, kwenye udongo uliokwisha kuloweshwa. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2006 huruhusu familia kutumia mkojo wake yenyewe kwenye mazao yake yenyewe, kwa sharti la kuacha mwezi mmoja kati ya kumwagilia na kuvuna. Kwa kuwa nyanya huvunwa kidogo kidogo kwa wiki nyingi, mimi huacha kabisa maua ya kwanza yanapofunguka. Anayeendelea baada ya hapo katika chombo kidogo kama jerikani hulimbikiza chumvi, na baada ya muda ataona kingo za majani zikiungua na ukoko mweupe juu ya udongo. Dawa ya hali hiyo ni maji matupu: mwagia jerikani lita kumi au zaidi polepole, maji yatoke yote chini, kisha pumzika kulisha kwa wiki mbili.

Umanjano wa aina ya pili hukaa kati ya mishipa ya majani ya chini huku mishipa yenyewe ikibaki kijani, jani likawa kama ramani ya mito. Huo ni upungufu wa magnesiamu, na mara nyingi chanzo chake si umaskini wa udongo bali wingi wa potasiamu, ambayo huizuia magnesiamu isinyonywe. Potasiamu hiyo imetoka wapi? Katika majivu na maganda ya matoke uliyoyatia wiki iliyopita. Acha kuyatia, na ukitaka kuuharakisha mche upone, nyunyiza majani jioni kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya Epsom, ambayo ni chumvi ya magnesiamu na si ya mezani, katika lita moja ya maji, mara mbili, siku kumi zikipita katikati.

Zikiungua kingo tu za majani ya chini, udongo hauna ukoko wa chumvi, na nyanya zinaiva kwa mabaka huku mabega yake yakibaki manjano, basi hapo ndipo potasiamu inapohitajika kweli. Kuhusu maganda ya matoke, ambayo mji mzima unayatupa kila siku: yana potasiamu, lakini kuyaloweka usiku mmoja na kuyaita mbolea ni kujidanganya, na kuyafukia mabichi karibu na shina ni kuwaalika nzi na panya. Yaozeshe kwenye mboji pamoja na mengine.

Majani ya juu ndiyo yenye manjano

Hapa nina ushahidi wa nyumbani kwangu. Msimu mmoja nilikuwa na miche kumi na miwili iliyoanza vizuri, na kwa kuwa tunapikia kuni, nilijizoesha kutia konzi ya majivu katika kila jerikani kila Ijumaa. Kufikia wiki ya saba majani machanga ya kileleni yalitoka yakiwa na rangi ya ndimu, mishipa yake tu ikiwa kijani, wakati majani ya chini yalikuwa mazima kabisa. Jirani yangu, ambaye mtaa mzima tunamwita Hajati, alipita kuazima sufuria akasimama mbele ya jerikani.

"Mwanangu, hii umeipa nini?"

"Majivu, Hajati."

"Na wiki iliyopita?"

"Majivu."

"Na hii uliyoshika mkononi?"

Nilikuwa nimeshika bakuli la majivu. Alicheka, akachukua sufuria yake akaenda.

Majivu ya kuni kwa sehemu kubwa ni kalisiamu iliyo katika hali ya chokaa, pamoja na potasiamu na fosforasi kidogo. Naitrojeni yote huondoka na moshi. Kwa hiyo hayawezi kuondoa njaa ya naitrojeni hata yakimwagwa gunia zima. Yanachofanya haraka ni kupunguza tindikali ya udongo. Nyanya hustawi katika pH (kipimo cha tindikali, ambacho hushuka tindikali inapozidi) ya kati ya 6.0 na 6.8, na udongo mwekundu wa sehemu nyingi za katikati ya Uganda una tindikali kuzidi hapo, ndiyo maana konzi moja wakati wa kupanda huleta nafuu ya kweli. Lakini jerikani ina udongo mchache, na konzi saba huuvusha mpaka upande wa pili, ambako chuma kimo udongoni ila kimefungika, mizizi haikipati. Mche unakufa njaa mbele ya sahani iliyojaa. Nilichofanya ni kukwangua udongo wa juu kina cha vidole vinne, kuweka mboji mahali pake, na kuacha kutia chochote. Majani ya manjano hayakurudi kijani yote, ila yaliyochipua baada ya hapo yalikuwa mazima. Tangu hapo kila jerikani hupata konzi moja ya majivu, siku ya kupanda, basi.

Kuna onyo jingine juu ya majivu: yasichanganywe na mkojo wala samadi mbichi. Vikikutana, naitrojeni hugeuka amonia na kupaa hewani, na pua itakuarifu papo hapo.

Kitako cha tunda kimekuwa cheusi

Nyanya bado mbichi, shingo yake nzima, lakini upande wa chini kuna baka la kahawia linalozama na kuwa jeusi kama ngozi ya kiatu. Wengi hudhani ni mdudu au ukungu, wakanyunyiza. Si ugonjwa wa kuambukiza. Sehemu hiyo ya tunda ilikosa kalisiamu ilipokuwa ikikua, na mara nyingi ilikosa huku kalisiamu ikiwa tele udongoni, kwa kuwa kalisiamu husafiri na maji tu. Siku tatu za ukame zikifuatwa na gharika la ndoo nzima hukata safari hiyo, na majani, yanayotoa jasho jingi, huchukua kile kidogo kilichofika kabla ya tunda.

Kwa hiyo dawa ni utaratibu wa maji. Mche uliokomaa ndani ya jerikani ya lita 20 huhitaji takriban lita moja hadi mbili kwa siku katika jua la Januari, ukigawanya asubuhi na jioni, pamoja na matandazo ya maganda ya kahawa au nyasi kavu yenye unene wa vidole vitatu. Punguza naitrojeni pia, maana mche uliovimba majani hunyang'anya matunda. Kichala cha kwanza cha matunda ndicho huumia zaidi. Ng'oa yaliyoharibika, na mara nyingi yanayofuata hutoka salama yenyewe, jambo linalompa sifa isiyo yake yeyote aliyetia dawa wiki hiyo.

Maganda ya mayai ndiyo hupewa sifa hiyo kuliko vyote. Yana kalisiamu, ila huyeyuka polepole mno. Ganda lililovunjwa kwa mkono utalikuta lilivyo ukimwaga jerikani mwishoni mwa msimu. Ukitaka yafae, yakaushe, yatwange kinuni hadi yawe unga kama wa muhogo, uchanganye na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Kwa tunda ambalo tayari limeoza kitako, hayana msaada.

Mche umenyauka ghafla ungali kijani

Ikiwa udongo una unyevu wa wastani, majani hayana manjano, na mche ulionyauka mchana unainuka jioni lakini kesho yake hauinuki tena, shuku mnyauko wa bakteria. Kipimo chake hakihitaji maabara. Kata kipande cha shina, urefu wa kidole, karibu na udongo. Jaza maji safi kwenye glasi inayopitisha mwanga, ning'iniza kipande hicho ncha yake ikizama kidogo, usiitikise. Ndani ya dakika chache, kama bakteria wamo, uzi mweupe kama maziwa utaanza kushuka kutoka kwenye jeraha kuelekea chini ya glasi, mwembamba, ulionyooka, kama moshi uliopinduliwa. Mara ya kwanza kuuona nilisahau kabisa kwamba nilikuwa nimepoteza mche.

Hakuna mwarobaini, majivu, kitunguu saumu wala chumvi inayotibu hali hiyo. Ng'oa mche pamoja na udongo wake, usiutupe kwenye mboji, osha kisu na mikono kwa sabuni, na jerikani hiyo usiipande tena nyanya wala jamaa zake: biringanya, pilipili, viazi mviringo, na pia nakati, ambayo watu huisahau kwa kuwa wanaila kama mboga ya majani. Ikuze sukuma wiki au maharagwe katika udongo mpya.

Kama uzi hautoki, chunguza mizizi. Ikiwa na vinundu kama shanga zilizotungwa, ni minyoo fundo. Samadi iliyoiva na udongo mpya humsaidia anayepanda tena, si mche uliopo.

Madoa na ukungu

Madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara, yakianzia majani ya chini, ni bakajani tangulia. Mabaka mapana yanayoonekana kama yamelowa mafuta, yakiwa na utando mweupe chini ya jani asubuhi, hasa katika baridi na mvua za Aprili au Novemba, ni bakajani chelewa, ambayo inaweza kuumaliza mche kwa siku chache. Sijawahi kuona dawa ya jikoni iliyoisimamisha bakajani chelewa ikishashika, na anayeahidi hivyo asisikilizwe. Kinga ndiyo yenye faida: sogeza jerikani chini ya upenu wa mabati mvua isipige majani, acha nafasi ya hatua moja kati ya mche na mche, ondoa majani yote yaliyo chini ya sentimita 30 kutoka udongoni, na mwagilia shinani asubuhi. Maziwa nayo yana kazi yake, lakini ni kwa ubwiri unga, ule unga mweupe unaopendelea maboga na matango. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 nchini Brazili ulionyesha kwamba kipimo kimoja cha maziwa kwa tisa vya maji, kikinyunyizwa kila wiki, huuzuia vizuri.

Wadudu walio chini ya jani

Vidukari, inzi weupe na utitiri mwekundu hushindwa na sabuni ikiwagusa mwilini. Kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji, au ya mche iliyoparwa na kuyeyushwa, katika lita moja ya maji. Nyunyiza upande wa chini wa majani jioni, na jaribu jani moja siku moja kabla. Sabuni ya unga ya kufulia huunguza majani. Kwa kantangaze, yule kiwavi anayechora vichochoro vya uwazi ndani ya jani, sabuni haitoshi kwa kuwa yeye yu ndani. Chuma majani yenye vichochoro kila siku uyachome, kisha tumia mbegu za mwarobaini, mti unaopatikana zaidi kaskazini, upande wa Arua na Gulu: gramu 50 za mbegu zilizotwangwa kwa lita moja ya maji, ziloweke usiku kucha, chuja kwa kitambaa, nyunyiza jua likishatua, maana mwanga wake huiharibu dawa hiyo.

Maji ya tumbaku yaacheni. Nikotini yake ni sumu inayopenya ngozi ya mnyunyizaji, na tumbaku iliyokaushwa inaweza kubeba virusi vya mozeki vinavyoshambulia nyanya. Hata mvutaji na anawe mikono kabla ya kugusa miche.

Majani ya juu yakijikunja kama vikombe, yakipauka kingoni na mche ukadumaa, inzi weupe wameshaleta virusi vya rasta, ng'oa. Majani ya chini yakijiviringa baada ya jua kali au baada ya kupogoa, huku yakiwa kijani na magumu, mche unajilinda tu.

Majani mengi, maua yanadondoka

Mche wa kijani kilichokolea, shina nene, majani mapana, na maua yanayokauka kikonyoni umeshiba naitrojeni kupita kiasi. Acha chai ya alizeti pori kwa wiki tatu. Kila siku kabla ya adhuhuri, gonga kijiti kinachoushikilia mche mara mbili tatu ili chavua idondoke ndani ya ua, hasa kama jerikani zimejificha mahali pasipo upepo.

Dalili zikichanganyika hadi huwezi kuzitenganisha, ng'oa mche mmoja unaougua nusu nusu, si uliokwisha kufa, uufunge na mizizi yake ndani ya mfuko, na umpelekee afisa kilimo wa eneo lako asubuhi ileile. Udongo wenyewe unaweza kupimwa katika maabara ya utafiti wa kilimo ya Kawanda. Andika kwenye karatasi kila ulichoutilia mche tangu siku ya kupanda, tarehe na kipimo, hata kile unachoona aibu kukitaja.